Eda Iliyopanda Meli

Enzi zetu, wenzangu mliokuwa watoto miaka ile bendera ikiwa bado mpya, safari ilikuwa haianzi stesheni. Ilianzia jikoni. Mtu akisema anakwenda Kigoma, basi nyumba nzima pale Cheyo, Tabora, haina amani siku kadhaa: karanga zinakaangwa, matobolwa yetu yale ya viazi vilivyochemshwa na kuanikwa yanafungwa kwenye kitambaa, kuku anakaushwa kwa chumvi, na chupa ya asali ya Sikonge inazibwa mdomo kwa nta isije ikamwagikia nguo. Siku hizi mjukuu wangu anakwenda Arusha na kibegi cha mgongoni, na ndani mna chaja na miwani ya jua. Ukimuuliza atakula nini njiani, anasema atanunua. Haya, nunueni.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo hatukuwa na vitu, ila hatukujua kama hatuna. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka mpaka vumbi linatupanda magotini. Mchana tulilima shamba la karanga la shule, tunazila mbichi huku mwalimu anajifanya haoni, na jioni tulicheza rede mpaka mpira wenyewe wa matambara ufumuke. Sukari ilipoadimika kwenye duka la ushirika tukanywa chai kwa asali, na tukalalamika! Leo asali hiyohiyo wanaiuza katika vichupa vya kupimia dawa na watu wanagombania. Bibi zetu walikuwa wakituambia kwamba njia iliyopita nyuma ya nyumba zetu ndiyo waliyoikanyaga wapagazi na meno ya tembo, kwenda Ujiji na kurudi, kwa hiyo sisi watu wa Tabora tumezaliwa njiani na safari hazitutishi. Mimi niliamini. Lakini Mama yangu, mpaka umri ule, alikuwa hajavuka hata Usoke.

Baba alikuwa fundi wa masanduku ya bati. Mtaa wetu ulikuwa ukiamka kwa nyundo yake, na mtoto yeyote wa jirani aliyekwenda shule ya bweni alikwenda na sanduku lake, limepakwa rangi ya kijani na maua mawili mfunikoni. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Akafariki msimu wa mvua kwa homa ambayo kila mtu alidhani itapita. Nilikuwa bado mtoto wa kuchezea vifuniko, na nakumbuka jambo lililoniumiza zaidi kuliko kilio lilikuwa kuamka asubuhi nisisikie nyundo.

Mama akaingia eda. Nyie vijana mnaosoma haya mnajua eda ya siku hizi, kizuka, yaani mjane aliye edani, anakaa sebuleni na rimoti mkononi. Eda ya kwetu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Shangazi Mwamvua, dada mkubwa wa Baba. Kwao walizaliwa wawili tu, yeye na Baba. Alihamia kwetu siku ya mazishi akiwa na mkeka wake, akautandika mlangoni pa chumba cha Mama, na hapo ndipo alipolala. Mama alivaa shuka jeupe la merikani. Kioo kilifunikwa. Godoro lilitolewa, akalalia mkeka. Hakuna hina, hakuna wanja, hakuna manukato, hata sabuni Shangazi aliinusa kwanza kabla Mama hajaogea. Mwanamume asiyekuwa maharimu wake haruhusiwi kumwona wala kumsikia sauti. Miezi minne na siku kumi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza Shangazi kama kuna punguzo.

Mimi nilimwogopa. Nilidhani ana roho mbaya, na niliona anamfunga Mama. Mtoto huona mlango uliofungwa, haoni aliyeufunga analia saa ngapi.

Eda ilikuwa haijafika hata nusu ndipo ilipokuja habari ya dada yangu Saada. Yeye aliolewa Kirando, kule kusini kwenye ziwa, na mfanyabiashara wa dagaa. Mara mbili alikuwa ameshika mimba, na mara mbili akazika. Kwetu mtoto wa kike hurudi kujifungua mikononi mwa mama yake, ila mara zote mbili uchungu ulimwahi kabla hajasafiri. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Mfanyakazi mmoja wa reli alileta ujumbe wa mumewe: miguu imemvimba, nesi amemkataza kusafiri, anamtaka mama yake. Mama alikuwa hasemi sana siku zile. Lakini alianza kukunja na kukunjua upande wa shuka lake, na sote tulijua anachoamini, kwamba wale wawili waliondoka kwa sababu yeye hakuwepo, na kwamba asipokuwepo na safari hii itakuwa hivyohivyo, pengine na Saada mwenyewe aende.

Wazee wa ukoo wakakaa. Shehe wa mtaa alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba dharura ni dharura, eda si jela, mama aende kwa mwanawe, ila ajisitiri na akae mahali penye mlango. Tulimtazama Shangazi. Alichezea tasbihi yake.

"Sawa," akasema. "Ila akienda yeye, eda nayo inakwenda. Na mimi ndiye nitakayeibeba."

Na kweli aliibeba. Jamani, mmeshawahi kuona eda ikifungwa mizigo? Mkeka, mashuka ya merikani, kanga za kuzibia madirisha, birika la kutawadhia, sabuni isiyo na harufu iliyotafutwa mjini kote wakati hata yenye harufu ilikuwa haipatikani. Wanaume wa ukoo wakachanga, tukakatiwa chumba cha wanawake kwenye treni na kabini ya daraja la kwanza kwenye meli, ili Mama awe na mlango. Mimi nikachukuliwa kwa sababu Mama alihitaji mtu wa kumtumatuma, na Shangazi hangeweza kuwa mlangoni na sokoni kwa wakati mmoja.

Safari ya treni sitaieleza sana. Usoke tulifika jua linazama, harufu ya tumbaku inaingia mpaka ndani, wanawake wanapita chini ya madirisha na karai za viazi na kuku wa kuchoma, wanaita kwa Kinyamwezi na Kiswahili vyote pamoja. Shangazi alifungua dirisha upana wa mkono mmoja, akanunua, akafunga. Mama alikuwa amekaa chini katikati ya chumba amejifunika, akaniuliza kwa sauti ya chini stesheni gani. Nilipomwambia Usoke akatikisa kichwa. Kuanzia hapo alikuwa katika nchi asiyoijua, na alikuwa anaipita bila kuiona.

Kigoma tukaamkia. Sikuwahi kuona maji mengi kiasi kile, nikasahau hata kusalimia watu. Tuliteremka kwenda bandarini, Shangazi mbele na mwavuli, Mama amefunikwa gubigubi anaongozwa kwa mkono, mimi nyuma na birika. Watu walitupisha. Palikuwa na magunia ya dagaa, mikungu ya ndizi, mbuzi wanaovutwa kwa masikio, makuli wanaimba, na meli yenyewe imesimama hapo nyeupe, ina kutu kwenye maungio, inatoa moshi kidogokidogo. Tulipokuwa kwenye ngazi Mama akanibana mkono.

"Maji yakoje?" akaniuliza.

Nikamwambia hayana mwisho. Akasema basi nisiache kushika chuma.

Sasa niwaambie kuhusu ile kabini, maana katika maisha yangu sijaingia chumba kilichonifurahisha kama kile. Kilikuwa chumba chembamba, kuta za chuma zimepakwa rangi ya maziwa mara nyingi mpaka misumari imevimba. Kitanda juu ya kitanda, na ngazi ya kupandia! Shuka zilikuwa zimepigwa pasi zikakakamaa. Dirisha lilikuwa la duara, lina ukingo wa shaba, na ukichungulia unaona vichwa vya watu gatini. Kulikuwa na beseni ukutani lenye bomba lililokohoa kabla ya kutoa maji, kioo juu yake, feni isiyozunguka, na juu ya kabati makoti mazito ya kuelea, ya rangi ya chungwa. Kila kitu kilinuka rangi na mafuta ya mashine. Nilipanda kitanda cha juu, nikashuka, nikapanda tena. Nilifungua bomba na kulifunga. Nilikuwa na furaha, na nikaona haya kuwa na furaha, kwa sababu Baba alikuwa kaburini na Mama amesimama katikati ya chumba hajui pa kuweka miguu.

Shangazi hakutazama chochote katika hivyo. Alivua viatu, akasema bismillahi, akaanza kazi. Kanga ikafungwa dirishani, chumba kikawa na giza la saa kumi na mbili jioni. Kioo kikafunikwa shuka. Sabuni ya meli, kipande kidogo cha kunukia waridi, ikafungwa kwenye karatasi na kutupwa nje ya mlango kana kwamba ni nge. Kisha akageukia magodoro. Nikamwomba aache lile la juu, akaniuliza kama mimi ndiye niliyefiwa na mume. Yote mawili yakatolewa, yakasimamishwa ukutani kwenye ujia. Mkeka ukatandikwa sakafuni. Mama, ambaye hakuwa amelala usiku kucha kwenye treni, akajilaza chali, akajifunika shuka jeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, akatulia. Shangazi akakaa kichwani pake, akatoa tasbihi, akaanza kusoma taratibu. Mimi nikajikunyata kwenye kona, nimevaa koti la kuelea kwa siri ndani ya kanga.

Mlango ulikuwa hauna komeo zuri. Ndipo akaja mhudumu wa upande wetu, mtu mzima wa Ujiji, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, mcha Mungu. Aliona magodoro yake nje, akagonga kidogo, na mlango ukajisukuma wenyewe. Alitazama mara moja tu. Nilimwona macho yake yakipita: dirisha limezibwa, kioo kimefunikwa, godoro limetolewa, mtu amelala chali chini ya shuka jeupe, mwanamke anasoma kichwani, mtoto kimya kwenye kona. Akasema kwa sauti ndogo, "Inna lillahi," akaurudisha mlango polepole.

Angekuwa mtu wa dini nyingine angedhani tumelala. Lakini huyu alikuwa wa kwetu, alijua kusoma chumba. Kizuka alikuwa hajamwona akipanda meli maisha yake yote, na ni nani aliyewahi kumwona? Ila maiti aliwahi kuwaona. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiwapandisha wafu wao kimyakimya ili wakawazike kwao, bila kibali, wakisema ni mgonjwa amelala. Na siku zile kulikuwa na habari za kipindupindu vijijini kando ya ziwa. Maskini, alikwenda kueleza alichokiona, kama alivyotakiwa.

Haikupita muda wakagonga. Alikuwa ofisa wa meli mwenye shati jeupe, na nyuma yake bwana afya wa bandari, na nyuma yao yule mhudumu hataki kututazama. Shangazi akatoka, akasimama mlangoni, akaujaza wote. Ofisa alianza kwa heshima, akatoa shikamoo, akasema ndugu yetu, tuna taarifa, tunaomba tuangalie ndani. Shangazi akamjibu kwamba hakuna mwanamume atakayetia mguu ndani humo. Wakamuuliza kuna nani. Wifi yangu, akasema. Bwana afya akauliza kama yuko hai.

Hilo swali lilimchoma Shangazi. Alikuwa ametoka kumzika ndugu yake pekee, na sasa mtu anamuuliza kama amebeba maiti mwingine. Angeweza kueleza kwa sentensi moja. Lakini alikuwa mtu wa kukasirika kwanza na kueleza kesho yake, na mimi mwenyewe nimerithi, wanangu watawaambia. Akamwambia akamuulize hivyo mama yake mzazi, akaufunga mlango kwa mgongo.

Nilipiga kelele kutoka ndani kwamba Mama yuko hai. Wakasema mtoto amefundishwa. Wakaomba basi mwenyewe aseme neno moja tu, wasikie. Shangazi akasema sauti ya kizuka haisikilizwi na wapita njia. Hapo ndipo walipopata habari kwamba ni kizuka, na hawakuamini, maana kizuka gani anasafiri? Yule mhudumu mwenyewe alisema kwa unyonge hajawahi kusikia. Ofisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamtuma mama mmoja muuza chai aingie atazame kwa niaba yao. Yule mama akachungulia, akaona kitu cheupe kimelala gizani, akakumbuka kipindupindu, akakimbia na birika lake la chai bila kusema kama ameona mzima au mfu.

Habari ikaenea meli nzima. Abiria wa daraja la tatu wakaanza kuteremka na magunia yao. Ofisa akasema amejaribu, sasa hana njia, meli haiwezi kuondoka na mtu yule ndani, tushuke tu, tupate karatasi ya kibali, tusubiri meli nyingine. Meli nyingine ilikuwa baada ya wiki mbili. Makuli wawili wakaitwa. Sanduku letu likainuliwa, likatolewa kwenye ujia. Shangazi alikuwa amelishika upande mmoja, kuli upande mwingine, wanavutana, kilemba kimemlegea. Alikuwa ameilinda eda ya ndugu yake vizuri mno, na sasa eda hiyohiyo inamzuia mtoto wa ndugu yake asipate mama. Sijui kama alikuwa ameliona hilo. Nadhani alikuwa ameliona.

Mimi nilikuwa nalia. Nikageuka kumtazama Mama, naye alikuwa ameketi. Akajitoa shuka usoni. Akainuka, akajitanda vizuri, akanipita, akavuta mlango. Nilisikia Shangazi akiita, "Wifi!" Mama akamshika bega, akamsogeza pembeni taratibu, kama unavyomsogeza mtoto aliyelala. Akapita ujia mzima mpaka nje, kwenye mwanga, mahali watu walipokusanyika, uso wazi. Alikuwa hajaona jua kwa wiki nyingi na macho yalimwuma, akayafumba, akayafumbua.

"Mimi ndiye mnayemsema," akasema. "Niko hai. Aliyekufa ni mume wangu, na tumemzika Tabora. Nina binti Kirando anajifungua, ameshazika wawili, na hana mtu. Nitazameni mnavyotaka, kisha ondoeni meli."

Hakupandisha sauti. Watu wote walisikia hata hivyo. Yule ofisa alivua kofia. Bwana afya alitazama kucha na macho ya Mama kwa mbali, bila kumgusa, akasema hana ugonjwa, akaondoka haraka. Mhudumu wa Ujiji akapiga magoti pale pale kwenye mbao na kuomba radhi, na wanawake wawili watatu kati ya waliokuwa wanateremka wakarudi, wakaja kumpa Mama pole ya msiba kwa mkono, mmoja mmoja, kama matangani. Mama akapokea zote. Kisha akageuka akatazama ziwa, akalitazama kwa muda, akarudi ndani.

Meli ikapiga honi tukaondoka. Kabini ilitetemeka, bomba likaanza kudondosha lenyewe, na mimi sikuwa na hamu tena ya kupanda popote. Shangazi alikuwa amekaa nje mlangoni, mgongo kwenye magodoro, amejifunika uso kwa kanga. Alilia kwa sauti, yeye ambaye siku ya mazishi aliwanyamazisha wengine. Mama akatoka, akakaa naye chini.

"Nisamehe, wifi," Shangazi akasema. "Sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia."

Mama akamwambia amefanya, na kwamba marehemu mwenyewe kule aliko anajua. Akamwomba warudi ndani, kwani eda bado ina siku zake, na yeye bado anataka mtu wa kumlindia mlango. Hapo ndipo nilipomwelewa Shangazi, au nilianza. Mama alijilaza mahali pake, Shangazi akatandika kanga yake kizingitini. Kabla ya kulala aliniita, akanivua lile koti la kuelea nililodhani halionekani, akalikunja, akaniwekea kichwani nilalie. Kesho yake alimpa mhudumu wa Ujiji matobolwa na karanga, akamwambia ameona sawasawa ila siku nyingine aulize.

Kirando tulifika asubuhi, mitumbwi ikaja kutupokea. Saada alikuwa kitandani, miguu imevimba, uso umebadilika, na alipoona shuka jeupe linainama kuingia mlangoni akaanza kulia kabla Mama hajafunua uso. Wiki haikuisha akajifungua. Ilikuwa kazi, nesi wa zahanati alikuja na kurudi mara nyingi, na mimi nilifukuzwa uani, lakini namsikia Mama mpaka leo akimwambia, "Niko hapa, mwanangu, niko hapa," bila kuchoka. Akazaliwa mtoto wa kiume, akalia, akaishi. Shangazi alimbeba, akamgeuzageuza kwenye mwanga akitafuta masikio ya kaka yake, akasema ameyapata, ingawa sisi wengine hatukuyaona. Eda ilimalizikia kulekule. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemwogesha Mama na kumvisha kanga mpya, na nilimwona akimnusa na kutabasamu, kwa kuwa alimpaka manukato kwa mkono wake.

Miaka imekwenda. Mama hayupo, Shangazi hayupo. Meli za siku hizi vijana wananionyesha, zina mabwawa ya kuogelea juu, na mtu akiingia kabini kitu cha kwanza anapiga picha ya kitanda awatumie wasiokuwepo. Sina ugomvi nao. Na mimi ningekuwa na simu siku ile, lile dirisha la duara ningelipiga picha.

Ila mwaka juzi nilifiwa na mume wangu, nikakaa eda hapahapa Cheyo. Wanangu walinifanyia kila kitu. Waliweka feni, friji ndogo chumbani, televisheni yenye idhaa za dini, na simu ya kuonana uso kwa uso ili nisiwe mpweke. Waligawana zamu, kisha zamu zikawa fupi kwa sababu ya kazi, na hilo nalielewa. Hakuna aliyenusa sabuni yangu. Mlango ulikuwa wazi siku nzima, na fundi umeme aliingia akabadilisha taa nikiwa nimekaa pale pale.

Wakati huohuo binti yangu Rehema alikuwa Dodoma, mimba ya kwanza, miezi imekaribia. Nikaanza kujiandaa. Nilijua nitakachomwambia shehe, na nilijua jibu lake, maana nilikuwa nimelisikia nikiwa mtoto. Nikanunua kanga laini za mtoto, nikazifua mara tatu zisiwe na gundi, nikakaanga karanga, nikafunga begi na kuliweka karibu na kitanda. Nikangoja aniite. Ningepanda gari, ningepanda treni, na mtu angenizuia njiani ningesimama nikasema yangu mbele za watu.

Rehema akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu mwenye nguvu.

"Mama, wewe pumzika," akasema. "Hapa kila kitu kipo, na hospitali yenyewe ni nzuri. Akizaliwa tu tutakupigia video."

Alizaliwa salama, alhamdulillahi, na namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Wakanionyesha kwenye simu. Mtoto wa kike, amefungwa kwenye blanketi la hospitali, anapiga miayo. Nikasema mashallah, nikauliza Rehema amekula nini, nikaambiwa amelala na watanipigia baadaye. Nikakata simu. Nikavuta begi, nikafungua, nikatoa zile kanga, nikazirudisha kabatini moja moja.